Gari la Mzee Efrem na Mlango Uliobaki Wazi

Kabla sijasema neno, wasikilizaji wapendwa, sikilizeni.

Mmesikia? Kwanza kikohozi. Kikohozi tena. Halafu injini inashika, inapanda, inanguruma mpaka kioo cha dirisha kinatetemeka. Kisha, ukitega sikio vizuri, kitasa cha mlango kinabofywa. Mlango unafunguliwa. Haufungwi. Injini inaendelea peke yake, inaendelea, halafu inazimwa. Kimya.

Mlio huo niliurekodi mwaka jana, Jumapili asubuhi, hapa hapa bondeni kwetu, kwenye banda la Mzee Efrem Cavani. Mlichosikia ni gari la mbio. Na gari hilo halikwenda popote. Narudia, kwa aliyechelewa kufungulia redio: gari la mbio, injini imewaka, mlango wa abiria uko wazi, na gari halikwenda popote.

Mzee Efrem ametutoka Alhamisi iliyopita. Jumatatu tumemzika nyuma ya kanisa la hapa Spilamberto. Leo tunamkumbuka yeye, na tunalikumbuka gari lake, kwa sababu huwezi kumtaja mmoja ukamwacha mwingine.

Gari lenyewe ni Ardizza. Vijana wenzangu, msione haya kama jina hili ni geni. Karakana ya Ardizza ilikuwa Modena, nyuma ya reli. Ilitengeneza magari machache mno, bodi yake alumini iliyogongwa kwa nyundo na mikono ya watu. Kisha ikafunga milango. Leo Ardizza moja tu bado inanguruma. Ni hiyo mliyoisikia. Rangi yake ni kijivu cha njiwa. Si jekundu. Mzee Efrem alikuwa akisema, "Jekundu ni la anayetaka kutazamwa. Hili lilitaka kukimbia."

Yeye alijua. Mwaka 1956 alikuwa dereva wa majaribio pale karakana. Gari likikamilika, Efrem ndiye aliyelipandisha kwenye kona za mlima wa Serramazzoni kusikiliza kama kuna kinacholia vibaya. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuliendesha gari hili alikuwa yeye. Kwenye hati hayumo. Lakini mikono ya kwanza kwenye usukani ilikuwa yake.

Mwenye hati wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa hariri wa Milano, Bwana Tagliabue. Kabla ya Krismasi alilitumbukiza mtaroni, akalirudisha karakana pua imepondeka, akalalamika kwamba barabara ilikuwa imepinda. Efrem akamjibu, "Ndiyo, bwana. Ilipinda tangu enzi za Warumi. Hawakukuandikia?" Alikaribia kufukuzwa kazi.

Wa pili alikuwa Daktari Iotti wa Reggio. Alilitumia kuwafuata wagonjwa mashambani, na wazee wa huko walisema wakisikia mlio ule wanapona kabla hajafika. Alipozeeka akampa padri wake, Don Ivo, kama zawadi. Don Ivo akawa wa tatu. Hakukaa nalo sana. Askofu alimwita, akamwambia, "Padri, hilo si gari la kwendea kuungamisha watu. Hilo ndilo gari watakalokuja kuungama kwamba wamelitamani."

Basi Don Ivo akamuuzia Learco Zoboli, mtengenezaji wa paja la nguruwe la kukausha, kule ng'ambo ya mto Panaro. Zoboli akawa wa nne. Alikuwa tajiri na alikuwa mnene. Aliingia ndani ya Ardizza mara moja tu. Kumtoa ilibidi waitwe wafanyakazi wake wawili na mke wake. Tangu siku hiyo gari likakaa kwenye ghala lake, limefunikwa turubai, chini ya mapaja yanayoning'inia.

Na hapa, wasikilizaji wapendwa, ndipo habari inapoanza kuuma.

Hapa kwetu mnaijua desturi. Akizaliwa binti, bibi yake anaanzisha safu ya mapipa ya siki darini. Pipa kubwa, linalofuata dogo kidogo, na kadhalika mpaka lile dogo kabisa. Kila pipa na mbao yake: mwaloni, mcheri, mforosadi. Kila mwaka, baridi ikikaza, unatoa kidogo kwenye dogo, unalijaza kutoka kwa linalolizidi, na lile kubwa unalilisha maji ya zabibu yaliyochemshwa. Siki hii haimalizwi. Inalishwa. Inakua pamoja na mtoto, na siku ya arusi inamfuata kwake.

Efrem alikuwa na binti mmoja, Loredana. Alipozaliwa, Bibi Desolina, mama yake Efrem, alianzisha safu yake. Kwenye uso wa pipa kubwa akaandika jina kwa chuma cha moto: LOREDANA.

Mwaka 1980 Loredana alikuwa na miaka kumi na tisa, amechumbiwa na Romano, kijana wa mashamba ya cheri ng'ambo ya barabara. Mwaka huo huo Efrem akakutana na Zoboli sokoni Vignola. Zoboli alikuwa na kila kitu isipokuwa kimoja. Nyumba yake ilikuwa mpya, na dari yake ilikuwa tupu. Huwezi kununua siki changa ukaiambia ikue upesi. Alitaka uzee, na uzee hauuzwi dukani.

Akasema, "Efrem, wewe una mapipa. Mimi nina gari. Gari linakulilia, nalisikia mimi nikipita ghalani."

Efrem akasema, "Mapipa si yangu."

Zoboli akacheka. "Ya nani? Ya mtoto? Mtoto ataolewa hata kwa chumvi."

Wakapeana mikono. Efrem mwenyewe alimsimulia mkwewe Romano, miaka mingi baadaye, kwamba mkono wa Zoboli ulikuwa na mafuta ya nguruwe, na kwamba aliunawa mara nyingi lakini aliendelea kuunusa.

Loredana na mama yake, Bi Iole, walikuwa wamekwenda Rimini kuoga baharini. Efrem aliyateremsha mapipa akiwa na watu wa Zoboli. Kisha akalichukua gari. Akalirudisha nyumbani kwa njia ndefu, kwa kona zake za ujana, vioo vimeshushwa, akiimba. Ile ndiyo safari ya mwisho ya Ardizza. Hakujua kwamba ni ya mwisho.

Waliporudi kutoka baharini, Loredana alipanda darini na chupa ndogo. Alitaka kumpelekea mama mkwe mtarajiwa aonje. Bi Loredana mwenyewe amenisimulia wiki hii, jikoni kwake, na ameniruhusu niyaseme hewani.

"Nilidhani nimekosea dari," aliniambia. "Kulikuwa na duara za mapipa kwenye vumbi. Duara tu. Nikateremka, nikamkuta baba anapangusa taa za gari. Akaniambia, 'Njoo, Lori, ingia, nikupeleke Serramazzoni.' Alikuwa amefurahi kama mtoto. Mlango wa abiria alikuwa ameshaufungua."

Nikamuuliza, ulimwambia nini?

"Nilimwambia, 'Baba, umeniweka kwenye mizani na gari, na gari limekuwa zito.' Basi. Sikupiga kelele. Mama ndiye aliyepiga kelele."

Efrem alisimama pale na kitambaa mkononi. Mbele ya mke wake na binti yake akaapa: gari hili halitatoka bandani mpaka Loredana aketi kwenye kiti cha abiria.

Sikieni vizuri. Aliapa, na alikishika kiapo chake. Zaidi ya miaka arobaini.

Loredana aliolewa, akavuka barabara, akawa jirani wa baba yake. Hawakugombana. Krismasi walikula pamoja, tortellini, vile vifuko vidogo vya unga na nyama, kwenye mchuzi wa jogoo, meza moja. Wajukuu walilelewa nyumba zote mbili. Lakini kila Jumapili, baada ya misa, Efrem alifungua milango ya banda, akawasha Ardizza, akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akarudi kwenye usukani, akangoja. Injini ikipata moto, akazima. Akazunguka tena, akafunga mlango.

Na sisi? Sisi tulicheka. Nasema sisi, simwachi mtu nje. Pale baa tulimwita Bingwa wa Bandani. Akiingia kunywa kahawa, kuna mtu lazima angeuliza, "Efrem, leo umefika wapi?"

Naye alijibu kila mara jibu lile lile. "Nimefika mlangoni."

Tukacheka. Alikuwa anatueleza wazi kabisa, na sisi tukacheka.

Walikuja wanunuzi pia. Walikuja kutoka mbali, na viatu visivyojua matope. Mmoja kutoka Zurich alivaa glavu ili asiliguse gari kwa mkono. Akamwambia, "Mzee, taja bei yoyote."

Efrem akamuuliza, "Una binti?"

"Hapana."

"Basi huwezi kulinunua. Hujui ni bei gani."

Mtu wa Zurich alidhani mzee amechanganyikiwa. Huyo bwana angeliweka Ardizza chini ya taa, kwenye zulia, na kadi ya maelezo pembeni, na kadi ingesema kila kitu isipokuwa kitu chenyewe. Nilikasirika siku ile, na bado nimekasirika. Nikaenda nyumbani nikaandika beti hizi. Ni zangu, na sibadilishi neno.

Gari lililosimama
miaka likinguruma
likisubiri huruma
ya mtoto wa jirani.

Mbio zake ni mshale
bali liko palepale;
ng'ambo ya njia ni kule,
hapafikiki kwa nini?

Nilipoziandika nilidhani najua lawama ni ya nani. Sikujua.

Jumatatu, baada ya mazishi, watu walikusanyika jikoni kwa Bi Loredana. Mkate, jibini, divai nyekundu yenye povu. Mlangoni akasimama mwanamke wa makamo, koti jeusi, chupa ndogo mkononi. Alikuwa Marzia Zoboli, binti wa marehemu Learco. Nyumba ya Cavani na nyumba ya Zoboli hazikuwa zimeketi meza moja tangu ule mkono wa sokoni.

Romano akamvutia kiti. Marzia hakukaa.

"Nimekuja kusema jambo," alisema. "Baba yenu alikuwa anakuja kwetu. Kila Januari."

Bi Loredana akamkazia macho. "Januari alikuwa anakwenda kwa daktari. Goti."

"Hakuwa na goti lolote, dada. Alikuwa anapanda ngazi zetu na ndoo ya maji ya zabibu."

Romano, ambaye hawezi kunyamaza hata kanisani, akasema, "Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa na hakika mzee ana mwanamke ng'ambo ya mto!"

"Alikuwa na mmoja," Marzia akasema. "Yuko darini kwetu. Jina lake limeandikwa kwenye pipa."

Romano akaweka glasi chini.

Marzia akaeleza. Majira ya baridi ya kwanza, Efrem alikwenda kwa Zoboli kuomba warudishiane. Zoboli akakataa. Walishapeana mikono. Basi Efrem akaomba jambo lingine: aruhusiwe kuyalisha mapipa yeye mwenyewe, kila mwaka, kwa zabibu zake, bila malipo. Zoboli akaangua kicheko. "Mapipa umenipa, sasa unanipa na mtumishi?" Efrem akasema ndiyo. Na akawa mtumishi.

"Baba yangu alikuwa mtu wa majivuno," Marzia aliendelea. "Wageni wakiuliza Loredana ni nani, anawaambia ni shangazi yake. Efrem yuko pale pale na ndoo, anasikia, anaendelea kumimina. Baba akimpa kijiko aonje, anakirudisha. 'Si yangu.' Mimi nimemwona tangu msichana. Hakuwahi kuonja hata tone. Alinusa tu, akafunika."

Akaweka chupa mezani, mbele ya Bi Loredana. Kisha akasema alichokuja kusema.

"Baba hayupo. Efrem hayupo. Nataka tufute. Mapipa yarudi darini kwenu, gari lirudi ghalani kwetu. Iwe kama haikutokea. Nipe jibu kabla ya Jumapili, nina watu wa kubeba."

Wasikilizaji wapendwa, fikirini. Kitu alichonyang'anywa akiwa na miaka kumi na tisa kimesimama mlangoni kinamwambia: nirudishe. Neno moja tu. Wazee wote wawili wamekufa, hakuna wa kukataa tena.

Bi Loredana aliifungua chupa, akanusa, akaifunga. Jumanne akavuka mto, akapanda zile ngazi. Jumatano akaniita.

Nilimkuta kwenye banda, amesimama kando ya Ardizza, hajaligusa. Akaanza kusema kabla sijatoa kinasa sauti.

"Watu wanasema sikujua baba anangoja nini. Mume wangu anasema hivyo, ananitetea. Nilijua. Kila Jumapili nilijua. Dirisha la jikoni linatazama hapa. Nilikuwa nafunga dirisha, kisha nasimama nyuma yake nasikiliza mpaka azime."

Nikamuuliza, hukuwahi kuvuka?

Aligeuka akatazama dirisha la jikoni kwake. Kisha akasema, "Mara moja."

"Mtoto wangu wa kwanza alikuwa ndiyo ameanza kutembea. Niliamka nikasema, leo yaishe. Nikavuka na aproni yangu. Nikafika hapa hapa. Injini inawaka, mlango uko wazi. Baba akageuka akaniona. Ule uso! Ulifurahi, yaani ulifurahi mapema mno. Kama vile tayari nimeshaketi, kama vile mapipa hayakuwahi kuwepo. Nikakasirika. Mguu ulikuwa uko hewani, nikaurudisha chini. Nikamwambia, 'Baba, nimekuja kuomba mayai.'"

Na yeye?

"Akazima gari. Akaenda kwenye banda la kuku, akanichagulia makubwa, akayapangusa moja moja na kile kitambaa cha taa. Nikarudi na mayai kwenye aproni. Nyumbani mayai yalikuwa yamejaa, tulikuwa tunayagawa."

Alicheka kidogo, kicheko kibaya.

"Yeye alikosa siku moja. Mimi nilikosa kila Jumapili."

Nilitaka kubisha. Nina mdomo mwepesi, mnanijua. Nilitaka kumwambia, mama, aliyenyang'anywa ni wewe. Lakini nilimwangalia, nikaona hakuniita nimtetee. Nikamuuliza tu juu ya Marzia. Utarudishiana?

"Nimeshamjibu. Nimemwambia mapipa yabaki pale. Yamezoea dari ile, joto lake na baridi yake. Nikiyaleta hapa na gari likaondoka, itakuwa kama baba hakufanya kosa. Na kama hakufanya kosa, basi zile ngazi alizipanda kwa ajili gani? Hapana. Kosa lake libaki, na kulisha kwake kubaki. Nimemwomba Marzia kitu kimoja. Januari nipande mimi na ndoo."

Na Marzia amesema nini?

"Amesema, 'Dada, ngazi ya tatu imelegea, baba yako alikuwa anairuka.'"

Hivyo ndivyo historia ya umiliki wa Ardizza ilivyofika leo. Tagliabue wa Milano. Daktari Iotti. Don Ivo. Learco Zoboli. Efrem Cavani. Na sasa Loredana, binti Efrem. Haliuzwi. Bwana wa Zurich, kama unasikiliza, vua glavu ukapumzike.

Kwa niaba ya wote wa kituo hiki, natoa pole kwa Bi Loredana, kwa Romano, kwa mwana wao Tiziano na watoto wote wa nyumba ya Cavani. Pole pia kwa Marzia, ambaye kila Januari aliandaa kahawa kwa mgeni ambaye hatapanda tena. Na sisi wengine, tuliocheka baa, tujiulize. Kuna mlango gani ng'ambo ya barabara yetu, umeachwa wazi kwa ajili yetu, nasi tunauona kila siku kutoka dirishani? Tumekwenda mpaka pale mara ngapi, tukarudi na mayai?

Nilipokuwa nazima kinasa sauti siku ile, Bi Loredana alinishika mkono. "Usizime," alisema. Akasogea kwenye mlango wa abiria, akauweka mkono juu ya alumini kwa mara ya kwanza. Hakusema na mimi. Hakusema na nyinyi. Nawaachia sauti yake kama ilivyo.

"Baba. Mimi Lori. Jumapili hii, baada ya misa, nitakuja. Sitakuja kuomba mayai. Tiziano atashika usukani, nimemwambia apite njia ndefu, ya kona zako. Mimi nitaketi kiti changu. Na mlango, baba, nitaufunga mwenyewe, kwa ndani. Nakuahidi."